Mbuzi Asiyekuwapo

Shoga yangu Mwanasha,

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na wewe ulikuwa ukinikataza kupika nikiwa na hasira, ukisema chumvi huzidi. Nikangoja ipoe. Haikupoa. Nakuandikia nayo hivyo hivyo, uipokee kama ulivyokuwa ukinipokea mimi, kwa kunisogezea kigoda na kuniacha niseme mpaka nichoke.

Habari za Junda kwanza. Asumini yako imepanda hadi juu ya paa na hakuna anayeikata, kwa hiyo jioni harufu yake huingia mpaka jikoni kwangu na mimi husonga ugali huku nalia. Kisima kimeongezwa mawe. Mjini na huku kwetu hakuna mazungumzo ila Uhuru. Dukani kwa Mzee Saidi vitambaa vya bendera mpya vinaning'inia pale palipokuwa panakaa vibatari. Wenzetu wa bara wanacheza ngoma kila Jumamosi, na wazee wa upande wenu wanakaa barazani wakiulizana Mwambao utakuwaje, na bendera ya Sultani itashushwa na nani. Mimi niliyekuja hapa Eliya akiwa mgongoni, siku hizi naitwa mtu wa bara hata na watoto niliowapangusa makamasi.

Na naitwa jina jingine. Naitwa mmoja wa wale wa bati.

Unamkumbuka Ezekieli. Alikuwa ameanza kabla hujaondoka. Yule kijana aliyeacha pombe, akaokoka, akaenda kwa fundi bati akatengenezewa bomba refu la bati la kukuzia sauti, lenye mdomo mpana, kama lile la kutangazia sinema, akawa anasimama njia panda kila Ijumaa wanaume wanapotoka msikitini. Siku ya kwanza tulikuwa tunachambua mchele uani kwako. Ulinyanyua kichwa ukasikiliza, kisha ukaniuliza, "Shoga, yule mwenzenu amwita nani? Mungu wenu ni kiziwi?" Nilicheka mpaka mchele ukamwagika. Laiti tungejua, tusingecheka.

Mwanasha, wewe uliwajua wote wa kanisani kwetu, kwa sababu uliwajua kwa sufuria zao. Ezekieli na wenzake hawajai hata benchi moja. Benchi zilizobaki ni zetu. Ni Baba Eliya wangu, anayerudi bandarini mgongo umemwisha na hasemi neno mpaka Jumapili. Ni Mama Yakobo, aliyezalisha nusu ya watoto wa Junda wala hakumuuliza mtoto dini yake kabla ya kumvuta. Ni yule mzee anayefagia kanisa na kuwapa watoto wa madrasa maji wakipita na kiu. Lakini nani amewahi kusimama njiani kumsikiliza Mama Yakobo akifua vitambaa vya mzazi? Mpita njia akija Junda, Mkristo anayemwona ni yule mwenye bati. Akirudi kwao akiulizwa Wakristo wa huko wakoje, atasema, wana makelele na wanatutukania dini. Na hatakuwa amesema uongo, ndilo linaloniuma. Atakuwa amesema alichokiona.

Sasa nikueleze yaliyofuata, ingawa mwanzo wake uliuona mwenyewe.

Unakumbuka Krismasi yangu ya kwanza hapa. Nilikuwa nimeshuka kutoka Taita juzi tu, sijui kitu. Baba Eliya alichinja mbuzi, nikapika, nikapakua sahani ile ya maua ya buluu nikakuletea kwa furaha zangu. Uliipokea kwa mikono miwili. Ukaniuliza polepole, "Kachinja nani?" Nikakwambia, mume wangu. Hukufanya uso mbaya. Kesho yake ulinirudishia sahani imefunikwa kawa, nikafunua nikakuta chumvi ya mawe, kiganja kimoja. Nikadhani nimetukanwa. Ukakaa chini ukanifunza: nyama ile umewapa watu wa kanisani kwetu kwa kuwa kwenu hakiliwi asichochinja Muislamu, na ndani siku ile hamkuwa na kitu cha kutia, na sahani hairudi tupu. "Kama huna kitu, tia hata chumvi. Na mwakani umwite Athmani aje achinje, tule sote." Ndivyo ulivyosema. Na ndivyo tulivyofanya, mwaka hadi mwaka, mume wako akija uani kwangu asubuhi ya Krismasi na kisu chake, akitania kwamba yeye ndiye Muislamu pekee anayeijua Krismasi kuliko padre. Sahani ile nayo ikawa inavuka njia, pilau ikija huku na kaimati zikienda kule, mpaka tukasahau ni ya nani. Wewe ulisema ni yangu. Mimi nilisema ni yako. Tuligombana juu ya sahani ile miaka yote kwa kukataa kuichukua.

Krismasi iliyopita watu wa kanisani tulichanga tukanunua mbuzi wawili. Athmani aliwachinja wote wawili, uani kwangu, mchana kweupe. Mimi nilisafisha matumbo. Vichwa vilikuwa viwili, na pilau yake ililiwa na Junda nzima. Wewe ulikuwa umeegemea ukuta na shali yako, kifua kikikukata, tangu kusi iliyopita hukuwa ukimeza ila uji. Nilikuwekea nyama mbele yako kwa heshima tu. Ukamsukumia Zuhura wako, ukamwambia, "Kula wewe mwanangu, mimi nimeshiba kwa kunusa." Naye akala, mafuta yakimtiririka hadi kwenye kiwiko cha mkono, ukimtazama. Nilikuwa nimesimama na mwiko. Tuliojua jambo hilo ni sisi watatu.

Ijumaa iliyofuata Ezekieli alisimama njia panda na bati lake. Akatangaza kwamba Waislamu wa Junda wamekula mbuzi wa tatu, aliyechinjwa kwa siri na mikono ya waliookoka, kwa jina la Yesu, na kwamba baraka imekwisha kuwaingia matumboni, watake wasitake.

Mwanasha, hapakuwa na mbuzi wa tatu. Hapakuwa na unyoya wake.

Lakini mtu atafanyaje? Athmani anaweza kuapia mbuzi aliowachinja. Yule wa tatu hakumwona, na hakumwona kwa kuwa hakuwapo, na watu wakasema, si ndivyo hivyo, alifichwa. Nilimfuata karakanani kwake nikamwambia, shemeji, sema kitu. Aliendelea kupiga randa. Akaniambia, "Shemeji, mimi n'namjua mbuzi nilomchinja. Nisomuona n'tamuapiaje?" Nikaondoka nimemkasirikia, na alikuwa na haki.

Mwalimu wa chuo chenu, mzee wa watu, alisema baada ya sala kwamba aliyekula bila kujua hana dhambi, na asemaye bila ushahidi asisikilizwe. Maneno mazuri. Hakuna aliyeyabeba kuyatoa nje ya mlango, maana naye hana bati. Lililozunguka Kisauni nzima, mpaka Kongowea, ni moja tu: Wakristo wamewalisha watu kibudu. Haikusemwa Ezekieli amesema. Ilisemwa Wakristo wamefanya. Na kwa kuwa ni siku za siasa, likatiwa chachu: wakishika serikali hawa wa bara, mtakula wanachochinja wao. Tena ghafla ikawa hakuna mtu Junda aliyekula pilau ile. Sufuria zile mbili kubwa zilijimaliza zenyewe. Wanaume waliorudia sahani mara mbili, nikiwapakulia kwa mkono wangu, walikuwa siku hiyo wamefunga, ama wamesafiri, ama tumbo liliwauma asubuhi.

Kisha ukafa.

Siwezi kuandika sana hapa. Ulikufa kwa kifua, nilikuwa nikikusugua mafuta ya nazi mgongoni na kuihesabu mifupa yako. Wewe wajua ulikufa na nini. Lakini wifi yako Bi Rukia alipokuja kutoka Mji wa Kale kushika nyumba, alikuja na maneno ameshayasikia kule ng'ambo ya daraja, na akayasema kilioni mbele ya wanawake: Mwanasha ameuawa na nyama ya Wakristo. Ameondoka na haramu tumboni.

Nilikuwa nimefika mlangoni na kanga yangu nimejitanda, kuja kukaa matanga nawe. Sikuja kama mgeni. Nilikuja kama mtu wa nyumba ile. Akanizuia kizingitini. Hakupiga kelele, ana adabu zake. Aliniambia, "Mama, rudi. Pana wageni, na hawataki kula wala kulala na wale wa bati." Nikatazama ndani nikitafuta mtu wa kusema, huyu siye. Walikuwamo wanawake niliowashika mkono wakizaa. Waliangalia mkeka. Jeneza lako nililionea nyuma ya ua wangu, likipita, na sikuweza hata kufuata kwa macho mpaka mwisho kwa sababu ya machozi na makuti.

Nisikufiche, hasira yangu ina vyumba viwili, na cha pili ni cha watu wako. Wale vijana walioandika kwa chokaa kwenye ukuta wa josho kwamba watu wa bara warudi kwao, mimi sikuwahi kusema ni Mwanasha aliyeshika brashi. Sikusema ni Waislamu. Nilisema ni wale vijana, na nilikuwa nawajua mpaka mama zao. Kwa nini mimi sikupewa kipimo hicho hicho? Miaka yote ile ya sahani, ikashindwa na Ijumaa moja ya bati?

Sahani ilikuwa imebaki kwangu. Idd ilipofika nilipika mkate wa kumimina ulionifunza wewe, mchele na tui na hiliki, hamna nyama hata ya kunusa, nikaupeleka. Bi Rukia aliupokea. Kabla ya jioni sahani ikarudi. Imeoshwa, imefutwa, haina kawa, tupu. Na kuku wenu walikuwa uani wakidonoa kitu cheupe. Nilipeleka tena Idd ya pili, na tena siku za Maulidi. Tupu, na tupu. Baba Eliya akaniambia niache, nisijidhalilishe. Nikamwambia sahani si yangu.

Nilikwenda kwa mchungaji. Ni mtu mwema, wewe ulimpenda. Akasema Ezekieli na wenzake ni vijana wenye bidii, tukiwakemea hadharani tutavunja kanisa, tuwaachie Mungu. Nikamwambia, mchungaji, Mungu ameachiwa mengi mno katika kanisa hili. Akanyamaza, na sisi wote wa benchi zilizobaki tukanyamaza, kwa sababu ndiyo kazi tunayoiweza.

Basi nikaenda kwa Ezekieli mwenyewe. Nilimkuta njia panda, bati mkononi, anasafisha koo. Nikamuuliza mbuzi wa tatu alitoka wapi. Hakuona haya hata kidogo. Alinitazama kwa upole, na kwa kweli si mtu katili, ndiyo maana natamani kumzaba kofi. Akaniambia, "Mama, sikusema uongo. Nilisema kwa imani." Nikamuuliza ni imani ipi hiyo inayochinja mbuzi asiyekuwapo. Akaanza kunifafanulia. Nikamnyang'anya bati.

Ndiyo, shoga. Mimi, uliyekuwa ukinitania kwamba hata kuku wangu nawafukuza kwa kunong'ona. Nililishika kwa mikono miwili nikaliweka mdomoni. Lina harufu ya kutu. Nikasema mimi ni Mama Eliya wa hapa Junda, Mkristo, na mbuzi wa Krismasi walikuwa wawili, na wote alichinja Athmani. Sauti ilitoka si yangu. Ilikuwa ile ile ya Ezekieli, kubwa na ya bati. Na nikaona madirisha yakifungwa, moja baada ya jingine. Mama mmoja alimvuta mtoto wake ndani. Hawakusikia neno nililosema, walisikia bati.

Nikainua macho nikamwona Zuhura. Alikuwa dirishani kwako, lake peke yake halijafungwa, ameshika nondo. Na neno likanijia mpaka kwenye meno. Neno moja lingenisafisha: Mwanasha hakula nyama ile. Nyama ya Mwanasha aliila bintiye. Basi kama ni sumu, kama ni haramu, mbona huyu hapa mzima? Bi Rukia asingekuwa na la kujibu. Nami ningeingia nyumba yako tena mchana kweupe.

Lakini nilikuwa nimesikia, kama kila mtu, kwamba Zuhura ameposwa mjini kwa watu wa Bi Rukia, na mama wa bwana harusi ni mwanamke anayemuuliza mkwe amekula nini kabla ya kumuuliza jina. Mtoto alikuwa ameshasema, kama wote walivyosema, kwamba hakuonja. Niliona anajua ninachotaka kusema. Hakutikisa kichwa, hakuniomba. Alisimama tu na uso wako ule ule.

Nikalishusha bati. Mzee Saidi wa dukani, aliyekuwa akifunga mbao za dirisha lake, akaniambia kwa masikitiko, "Mama Eliya, hata wewe?" Na Ezekieli akanipokea chombo chake akiwa na machozi ya furaha. "Bwana asifiwe, mama. Umeanza kuhubiri." Nilikwenda nyumbani nikafungua mdomo nikapiga kelele ndani ya mto wa kulalia, Mwanasha. Kwa hasira. Nimekaa nayo tangu siku hiyo.

Harusi imekuwa juzi. Sikualikwa, lakini vigelegele havina ukuta. Nilipika mkate wa kumimina, nikaupeleka mlangoni na sahani yetu, nikamkabidhi aliyefungua wala sikuangalia ni nani, nikageuka. Nilijua mkate huo utakwenda kwa kuku. Bibi harusi aondoke na mkate wa mamake, hata kama ni kwa kuku.

Jana alfajiri nimefungua mlango niteke maji. Sahani ipo kizingitini. Nikaiacha, nikaenda kisimani, nikarudi, nikaona kwamba ina kawa. Kawa lako lile lenye ukindu mwekundu pembeni. Nikakaa chini pale pale na ndoo yangu. Nikafunua.

Chumvi ya mawe, Mwanasha. Kiganja kimoja.

Zuhura wamekwisha kumpeleka mjini kwa mumewe, sitamwona karibuni. Sijui alipata wapi nafasi, na wifi yako yuko macho kama kunguru. Lakini alifunzwa na mama yake, na alijua nitajua.

Nimekaa nikalia, kisha nikaghadhibika upya, kwa sababu hivi ndivyo kweli inavyotembea Junda siku hizi, gizani, chini ya kawa, wakati uongo unapita katikati ya njia na tarumbeta. Sitaki iwe hivyo. Krismasi hii bendera itakuwa nyingine, na sijui watu wako na wangu watakuwa wanatazamana vipi. Nimekwisha kumwambia Athmani aje na kisu chake, naye akasema inshallah, atakuja. Atachinja mbele ya nyumba na si uani. Jumapili nilisimama kanisani, bila bati, nikawaambia wenzangu wote wa benchi zilizobaki waje wasimame pale na kuhesabu vichwa, na watakaoulizwa wajibu kwa vinywa vyao. Mama Yakobo alisimama. Mzee wa ufagio akasimama. Baba Eliya wangu akasimama, yeye aliyekuwa akiniambia niache. Ezekieli naye alikuwapo, akasema Amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Sijui amina ya nini.

La Zuhura nimekuandikia wewe tu, uliyekuwapo. Sitalisema kwa mtu, hata nikizuiwa kila mlango wa Kisauni. Barua hii ndiyo nitakayowashia jiko la pilau.

Chumvi ile nimeitia chunguni, na pilau ya Krismasi nitaikoleza kwayo. Sahani ya kwanza itakwenda kwako, ipokewe na nani sijui. Na ikirudi tupu nitaipeleka tena. Pumzika, shoga yangu. Kifua kisikuume huko. Na ile sahani, tusibishane zaidi: ni yako.

Wako wa ng'ambo ya njia,
Damari, Mama Eliya